Kufuatilia wamiliki wa muswada wa mahubiri ya Kilatini

Mtumbwi uliouzwa mara nyingi pale mwaloni una namba ya zamani chini ya rangi mpya. Muswada wa mahubiri, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, wa karne ya 13 au 14 nao ni hivyo hivyo: kila mwenye nao aliacha alama, na aliyemfuata mara nyingine aliikwangua.

Ukiwa na muswada wenyewe, kumbuka majani yake ni ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi. Unyevu wa ziwani huilegeza na kuikunja kama ngozi ya ngoma. Ngoma hupashwa moto; muswada kamwe, utasinyaa na wino utabanduka. Uegemeze kwenye vitambaa vilivyokunjwa, usiulazimishe kufunguka wote. Shika kwa mikono safi, mikavu, bila glavu, kwa sababu glavu hufanya vidole visihisi na kingo zichanike. Mezani iwe penseli tu. Ukiwa Mwanza na kusoma kwa picha za maktaba ya Ulaya, pakua pia mgongo, kingo na ndani ya jalada. Kurasa za maandishi pekee hazitoshi.

Hesabu majani fungu kwa fungu. Fungu la kawaida lina ngozi 4 zilizokunjwa na kushonwa pamoja, yaani majani 8. Ukikuta 7, tafuta kipande kilichobaki kwenye mshono: jani lililokatwa huenda ndilo lilibeba jina la mwenye kitabu. Pima kimo na upana wa ukurasa kwa milimita, na uhesabu mistari yake.

Kisha nakili maneno ya kwanza ya jani la pili. Hatua hii wengi huiruka, nayo ina thamani kubwa. Mahubiri ya Jacobus de Voragine, mtawa Mdominiko wa Italia wa karne ya 13, yalinakiliwa mara nyingi mno, na nakala zote huanza sawa. Lakini kufika jani la pili kila mwandishi amefikia neno tofauti. Ndiyo maana watunza maktaba wa zama hizo waliyaandika maneno hayo kwenye orodha zao.

Sasa tafuta maneno ya umiliki: "iste liber est" (kitabu hiki ni cha), "liber sancte Marie de" (kitabu cha Mtakatifu Maria wa) au "ex dono" (zawadi kutoka kwa) kwenye jani la kwanza, la mwisho na ndani ya mbao za jalada. Palipokwanguliwa, zima taa na umulike kwa miale ya urujuanimno, nanomita 365. Baadhi ya taa za bei nafuu hutoa 395, na zambarau yake hufunika maandishi hafifu. Ngozi itang'aa samawati, wino wa chuma utabaki mweusi. Mulika kwa muda mfupi, ukivaa miwani ya kinga.

Jalada ndilo linalopotosha zaidi. Mihuri, bei na namba, kama zile za Sir Thomas Phillipps (1792–1872), Mwingereza aliyekusanya miswada, huthibitisha mwenye jalada tu, si lazima wa maandishi. Majani ya ulinzi, yaani yale ya ziada mwanzoni na mwishoni mwa kitabu, yanaweza kuwa yametoka kitabu kingine. Fuata matundu ya wadudu: yakitoboa mbao, jani la ulinzi na maandishi kwa mstari mmoja, vilikaa pamoja tangu zamani. Yakikatika ghafla, huenda jalada limebadilishwa.

Mnyororo wa wamiliki ukikatika miaka ya 1536–1540 Uingereza, baada ya 1789 Ufaransa au 1803 Bavaria, usishangae: monasteri zilifungwa, vitabu vikatawanyika. Hapo ingiza vipimo vyako kwenye Schoenberg Database of Manuscripts ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za miswada, ambayo ni bure. Idadi ya majani kwenye rekodi ikitofautiana na yako kwa 2 au 3, usiukatae muswada. Katalogi moja huhesabu majani ya ulinzi, nyingine haihesabu.