Somo: Namna ya Kusafisha Kitovu Bila Kukiumiza

Kila baridi inapoingia, swali la kitovu kutoa harufu au kuwasha hurudi, na kila mara ninalijibu upya kana kwamba halijawahi kuulizwa. Nimeamua kuliandika kwa ukamilifu ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Somo linamhusu mtu mzima mwenye kitovu kilichozama.

1. Nawa mikono na ukate kucha.

2. Lowesha kitambaa laini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea, kisha ukizungushe ndani ya kitovu taratibu. Sabuni ya kufulia haifai, na dodoki libaki mgongoni.

3. Suuza mpaka utelezi uishe.

4. Kausha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote. Mtu hupitisha taulo juu ya tumbo na kuamini kuwa amemaliza, ilhali maji yamebaki chini ya mikunjo. Kisha hujipaka mafuta ya mgando mwili mzima, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai hapa Arusha haimwachii hiari, na kidole chenye mafuta huishia kitovuni kwa mazoea tu. Juu yake huja fulana, sweta na koti. Joto na unyevu uliofungiwa namna hiyo ndivyo fangasi wanavyovipenda, hasa kwa mwenye kisukari au mnene. Ngozi inakuwa nyekundu, inawasha na kutoa utando mweupe, na mwenyewe, akidhani ni uchafu, anasugua kwa nguvu zaidi na kuongeza mafuta. Tanua kingo za kitovu kwa vidole viwili, gusagusa ndani kwa ncha ya kitambaa kikavu au kijiti cha pamba cha masikioni, na urudie mpaka pamba itoke kavu. Usipake mafuta ndani. Usimimine spiriti, maana huunguza na kukausha ngozi mpaka ipasuke. Usiingize pini, njiti ya kiberiti wala kitu chochote chenye ncha kali.

Kuosha kwa sabuni mara moja kwa wiki kunawatosha wengi, na anayefanya kazi ya jasho au vumbi afanye hivyo kila anapooga. Kukausha ni kila siku. Ukiona usaha, uvimbe, wekundu unaosambaa, au ukipata homa, nenda kituo cha afya.

MASWALI

Mwanachama, Sakina: Dada, na mafuta ya nazi kidogo tu?

Jibu: Hatua ya 4. Ya nazi nayo ni mafuta.

Mwanachama, Pasua: Shikamoo dada. Kila jioni ninakuta nyuzi za nguo kitovuni, na mke wangu hana hata moja. Zinafikaje huko?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali zuri. Mkemia wa Austria, Georg Steinhauser, aliandika mwaka 2009 kwamba nywele za tumbo hukwangua nyuzi kwenye nguo na kuzisukuma kuelekea kitovuni, ndiyo maana wanaume wenye nywele nyingi tumboni huzipata zaidi. Hazina madhara zikitolewa. Na usijaribu kuua kila kijidudu kilichomo: watafiti wa Marekani waliochunguza vitovu vya watu 60 walichapisha mwaka 2012 kuwa walikuta aina 2,368 za bakteria, na hakuna hata aina moja iliyokuwamo kwa watu wote. Wengi wao hawana ubaya wowote.

Mwanachama, Njiro: Nina kitu cheusi kigumu ndani. Nimekivuta kwa kibano cha nyusi, damu ikatoka. Kibano hukukitaja.

Jibu: Sikutaja na msumari. Hayo ni mafuta ya ngozi na ngozi iliyokufa, yaliyogandamana kwa muda mrefu mpaka yakawa kama jiwe. Mhudumu wa afya huyalainisha kwanza ndipo ayatoe. Kwa kuwa umeshajijeruhi, nenda ukaonwe. Wa Moshi wana kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC.

Mwanachama, Kiboriloni: Dada, mtoto wangu ana siku nne na mama mkwe anataka kumpaka majivu kitovuni. Nimwambieje?

Jibu: Hongera, mama. Majivu yanaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu na kisafi, nepi ikunjwe chini yake, na kisipakwe chochote ambacho mkunga hakukupa. Kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki moja hadi mbili. Mama mkwe mwombe akusindikize kliniki, ayasikie kwa muuguzi, ili asione kwamba unabishana naye. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, usaha ukitoka au mtoto akikataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanachama, Pasua: Asante sana dada. Basi nikinyoa tumbo?

Jibu: Nyuzi zitakoma mpaka nywele ziote tena, lakini wembe utakuachia vipele. Vaa fulana ya zamani chini ya sweta. Mpya ndizo zinazotoa nyuzi nyingi.