Jinsi ya Kuwapiga Picha Mafundi wa Mashua Mikindani

Wengi wakifika Mikindani, mji mkongwe wa pwani kusini mwa Tanzania, hupiga picha kuta za matumbawe zilizobomoka na milango ya nakshi iliyofungwa, kisha huondoka wakisema mji umekufa. Ni kweli shughuli za bandari zilihamia Mtwara, na hata reli ya mradi wa karanga wa wakoloni, iliyotoka huko hadi Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962. Lakini ufukweni tezo ya kuchongea mbao za mashua bado inalia. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Tangulia wewe, kamera ifuate

Siku ya kwanza kamera ibaki mkobani. Mpe fundi shikamoo yake, kaa kivulini, uliza chombo ni cha nani na kitashuka lini. Mimi mara ya kwanza niliitoa kamera kabla ya salamu. Mzee mmoja aliweka tezo chini, akageukia bahari, akanyamaza mpaka nilipoondoka. Alikuwa na haki kabisa. Kesho yake nilirudi mikono mitupu, nikamshikia ncha ya ubao aliokuwa akiupima. Siku ya tatu akaniita mwenyewe.

Hatua ya 2: Ijue kazi unayoipiga

Jifunze majina: mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), omo (mbele), tezi (nyuma). Ukijua kinachofuata, utakuwa umeshasimama mahali pake kabla hakijatokea.

Kalafati, kazi ya kuziba nyufa za mbao, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Fundi husokota pamba juu ya paja, huitia mafuta, kisha huishindilia kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo. Sogea karibu, hatua moja tu. Vidole vinang'aa mafuta, na ule uzi mweupe unamezwa na mbao taratibu. Kasi ya shata 1/125 inatosha. Kwa tezo panda hadi 1/500, uvikamate vibanzi vikiwa hewani.

Hatua ya 3: Pima nuru usoni

Mafundi hukaa kivulini na nyuma yao bahari inawaka, kwa hiyo kamera ikiachwa iamue yenyewe, nyuso zitatoka giza. Pima nuru kwenye uso, bahari iache iwe nyeupe. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini. Ikizidi saa tatu asubuhi jua linakuwa kali mno.

Hatua ya 4: Subiri bamvua

Chombo kikubwa hushushwa wakati wa bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kuliko kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Ya alasiri ndiyo yako, jua limeshalegea. Simama ubavuni pamoja na wavuta kamba, kamwe usisimame mbele ya chombo. Tazama nyayo zinavyozama mchangani wakivuta.

Hatua ya 5: Ingia mtaani

Wacheza bao barazani, mama wa vitumbua: omba kwanza. Kwa watoto, waombe wazazi wao. Penye msiba kamera irudi mkobani.

Hatua ya 6: Rudisha picha

Safisha chache Mtwara mjini, uwapelekee wenyewe. Nyuma andika jina la chombo, aina ya mbao na tarehe. Yule mzee yake ameitia kwenye mfuko wa nailoni, anaiweka ndani ya kapu la zana, kando ya keekee ya kutobolea mbao.