Kupanda Vilima vya Kolo kwa Gharama Ndogo
Anayetoka Dodoma kwenda kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, achague miezi ya Juni hadi Agosti, kwa kuwa mvua zimekwisha na jua halichomi sana. Panda basi la asubuhi liendalo Babati kupitia Kondoa, ushuke Kolo, ulipe kiingilio katika ofisi ya mambo ya kale na upewe mwongozaji. Bei ya bodaboda mpatane mapema, ya kwenda na kurudi. Beba maji, sweta na chakula, maana chapati za stendi hazitoshi kwa mpando ule. Michoro myekundu ya twiga na watu wembamba usiiguse wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri.