Jinsi ya kuitayarisha programu ya uhandisi kwa mtathmini wa chama cha kitaaluma

Mwongozo huu unahusu ithibati, yaani uthibitisho kwamba programu ya masomo ya chuo inafikia viwango, inayotolewa na ABET, shirika la Marekani lililoasisiwa mwaka 1932 na vyama 7 vya wahandisi. Mpaka leo vyama ndivyo vinavyopendekeza vigezo vya kila fani na kuteua watathmini. Kwa hiyo usijiandae kama anayesubiri mkaguzi wa hesabu. Anayekuja ni mhandisi mwenzako, tena anajitolea bila ujira.

Hatua ya 1: Anzeni na jina la shahada. Jina ndilo linaloamua chama gani kitakuja. Ujenzi huenda ASCE, mitambo ASME, umeme IEEE, kemikali AIChE. Sayansi ya kompyuta iko chini ya CSAB. Neno moja la ziada kwenye jina linaweza kuwaletea vigezo vya chama cha pili, pamoja na mtathmini wake. Mjadala huo uishe kabla hamjatuma ombi.

Hatua ya 2: Hesabuni mtaala. Shahada ya uhandisi inadai angalau saa 30 za muhula (kipimo cha uzito wa masomo chuoni) za hisabati na sayansi za msingi, na 45 za masomo ya uhandisi. Kazi hii ni ya jioni moja.

Hatua ya 3: Andikeni ripoti ya kujitathmini. Ina vigezo 8 vya jumla, lakini wekeni nguvu kwenye cha 4, uboreshaji endelevu, maana majedwali ya alama peke yake hayamridhishi mtathmini. Tuseme vipimo vimeonyesha wanafunzi wanakwama kuchambua data za maabara. Mliketi lini kulijadili? Mlibadilisha nini, zoezi au somo zima? Mlipopima tena, mambo yalikuwaje? Mnyororo huo ukikatika popote, atauona. Nawasihi msitunge kumbukumbu za vikao wiki ya mwisho. Ithibati inalinda watu watakaovuka madaraja ya wahitimu wenu.

Hatua ya 4: Pokeeni ziara, kwa kawaida Jumapili hadi Jumanne. Mtathmini atapitia maabara na kazi za wanafunzi, kisha atazungumza na wahadhiri na wanafunzi. Msiwakaririshe wanafunzi majibu. Waacheni waseme wanavyosoma.

Hatua ya 5: Jibuni matokeo. Kuna angalizo, udhaifu, na upungufu, ambao ndio mzito kuliko yote. Mkishapokea rasimu ya taarifa mna siku 30 za kujibu, na ushahidi wa marekebisho yaliyokwisha kufanyika una uzito kuliko ahadi. Kamisheni ya ABET inayoamua ithibati hupiga kura Julai. Kipindi kirefu zaidi cha ithibati ni miaka 6.

Ndani ya miaka hiyo, mhimizeni mhadhiri mmoja aliye mwanachama aombe chama chake kimfunze utathmini. Akishakagua programu za wengine, atawasaidia kuisoma ripoti yenu ijayo kwa jicho la mgeni.