Spoila mpya ya nyuma, chunga maji yasiingie kwenye buti

Wengi wakifunga spoila, lile bawa la nyuma ya gari, nyumbani huhangaikia ikae sawa, wakasahau mvua. Maji hupenya kwenye matundu ya boliti, yakashukia hadi kwenye tairi la akiba, na kutu huanzia hapo. Kwa hiyo futa gundi ya zamani kwa spiriti, paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) palipokwanguka, kisha zungushia silikoni ya kuzibia maji kila tundu. Kama spoila ina taa ya breki, unganisha waya uijaribu kabla hujakaza chochote. Nati zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, maana ukilazimisha spana bati la buti linabonyea. Kesho yake, silikoni ikishakauka, mwagia maji, fungua buti upapase chini ya kila nati. Penye unyevu, fungua upake upya.