Mafua yakikukuta una kisukari

Juni na Julai hapa Moshi baridi hushuka toka mlimani, na mafua hutuganda sisi wenye kisukari kuliko jirani zetu. Kirusi kikiingia, mwili humwaga homoni kama kotisoli, na sukari hupanda hata kama hujala. Ikipanda, chembe nyeupe za damu hulegea kazini huku uvimbe kwenye njia ya hewa ukizidi.

Kwa hiyo usiache insulini eti kwa kuwa hujala. Hili nalisisitiza, maana mtaani wengi huacha. Pima sukari kila baada ya saa 4, usiku pia. Nawa vidole kwanza: ukitoka kumenya ndizi mbivu, kipimo kitakudanganya. Kunywa maji kidogo kidogo. Mtori mwepesi unapita vizuri kooni, ila ndizi ni wanga, uhesabu. Dawa ya kikohozi soma chupa. Nyingine ni sharubati tupu.

Ukitapika au kuharisha, mpigie daktari kabla ya kumeza metformini, kidonge cha kushusha sukari. Ukihema kwa shida, au sukari ikikataa kushuka, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huohuo. Wakitaka kukupa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, wakumbushe una kisukari, maana nayo hupandisha sukari.