Nyonga mpya na nyumba ya kukaa chini: mambo ya kuandaa kabla ya upasuaji

Siku tatu kabla mamangu hajalazwa kubadilishwa nyonga, nilizunguka nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, na ndimu mkononi. Nilikalia kila kiti, nikaiweka ndimu juu ya paja karibu na tumbo, nikaiachia. Ikibingirika kuelekea goti, kiti kinafaa. Ikirudi tumboni, kiti ni kifupi. Katika viti tisa, vilivyopita mtihani ni viwili: kiti cha mbao alichokuwa akikalia marehemu baba, na kiti kimoja cha plastiki cha barazani. Makochi yote, yale ya kuwaketisha wageni, yalianguka.

Sisi Mombasa tunaishi chini. Tunakula mkekani, tunakuna nazi tumeikalia mbuzi, tunafua juu ya kibao, choo ni cha kuchuchumaa, na sujudi ni sakafuni. Nyonga mpya, kwa miezi yake ya kwanza, haitaki hata kimoja katika hivyo. Watu hujiandaa kwa siku ya upasuaji: pesa, watu wa kutoa damu, dua. Vyema. Lakini upasuaji wenyewe ni saa moja na nusu hivi, au mbili, na hospitali wengi hukaa siku chache tu. Kupona ni kwa nyumbani, na nyumba ndiyo isiyotayarishwa.

Sababu ya kukatazwa chini ni hii. Nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe. Daktari hukiondoa kichwa kilicholika, huchomeka ndani ya mfupa chuma chenye tufe la chuma au la kauri juu yake, na upande wa pili huweka kikombe kipya, mara nyingi chenye bitana ya plastiki ngumu. Ufundi huu si wa majaribio. Msingi wake uliwekwa Uingereza na John Charnley, mwaka 1962. Lakini tufe halijafungwa kwa kamba. Kinacholishikilia ni misuli na nyama za pale pale palipopasuliwa, nazo huhitaji wiki 6 hadi 12 kukaza. Ndani ya muda huo, ukiinama hadi goti likapanda juu ya nyonga, ukikunja nne, au ukiugeuza mguu kwa ndani, tufe laweza kuchomoka. Wapo madaktari wanaopasulia mbele badala ya nyuma, na masharti yao huwa mepesi. Muulize wako, akuandikie, karatasi ibandikwe ukutani. Masharti ya jirani aliyefanyiwa mwaka juzi yaache kwa jirani.

Anza na choo. Hakuna nyonga mpya inayochuchumaa wiki ya kwanza, na wapo wasioruhusiwa kuchuchumaa tena kabisa. Viti vya choo vya chuma vyenye tundu katikati na miguu ya kurefusha huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, na unaweza kukisimamisha juu ya tundu la choo cha kienyeji. Sisi tulikipima: kikipita mlangoni, miguu ikikanyaga sakafu sawa bila kutikisika, basi. Hata choo cha kukaa kinaweza kuwa kifupi, kipime kwa ndimu vilevile. Ukutani weka chuma cha kushikia kilichopigiliwa na fundi kwa skurubu. Usitegemee bomba la maji, wala sinki, wala bega la mjukuu.

Bafuni kosa letu lilikuwa ndoo. Kiti cha plastiki chenye mikono tulikiweka, mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza tukauweka, kisha ndoo ya maji tukaitua sakafuni kama tulivyozoea. Mama akainama kuchota. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Ndoo nayo ikae juu ya stuli, kimo cha kiti, na kata iwe na mkono mrefu. Ikiwa maji ya mfereji kwenu huja kwa zamu, mwenye kujaza mitungi apatikane tangu sasa, kwa sababu mgonjwa hatabeba hata kijagi: mikono yote miwili imo kwenye fremu ya kutembelea.

Kwa hilo la mikono, jambo dogo lililotusaidia kuliko vyote ni kijimkoba cha kitambaa cha leso alichoshona mama mwenyewe kabla ya kulazwa, akakifunga mbele ya fremu. Ndani mlikuwa na simu, chupa ya maji, tasbihi, tochi ya umeme ukipotea, na dawa.

Kitanda hakikutusumbua. Samadari ya zamani iko juu, na mara hii ukale ulitufaa. Anayelala godoro chini atafute kitanda, ama akiinue kifupi kwa matofali, lakini nyayo zifike sakafuni anapokaa ukingoni. Kulala ni chali, na mto katikati ya miguu hadi daktari aseme vingine. Usingizi wa wiki za kwanza ni mbaya, tena kwa wengi ni mbaya kuliko maumivu yenyewe. Ukiwa na ngazi, kitanda kishuke chini. Ngazi za Mji wa Kale, nyembamba na za kusimama, si za siku ya kwanza. Siku ikifika ya kuzipanda, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Na akifikia mkongojo, aushike kwa mkono wa upande mzima. Wengi huushika upande unaouma, wakaning'inia.

Sakafu iwe tupu. Kunja mikeka, busati na vizulia, fungia nyaya za umeme ukutani. Dera la kuburura litiwe upindo. Ndara ziwekwe kando, avae kiatu chenye kisigino cha kushika na soli isiyoteleza, kisichohitaji kufunga kamba. Na paka. Paka wetu alikuwa na tabia ya kupita katikati ya miguu ya mama kila akisikia kisu jikoni. Tulimpeleka kwa halati, dada yake mama, miezi miwili.

Swala ya kitini ameruhusiwa mgonjwa, na hakuna haja ya kuona haya. Kiti kiwe kile kilichopita mtihani wa ndimu, na kuinama kwa rukuu na sujudi kuwe kwa kichwa na mabega, kidogo tu. Shida ni udhu: miguu haifikiki. Mpange mapema nani atakayemmiminia maji na kumwoshea nyayo alfajiri, maana saa kumi na moja kila mtu amelala.

Kabla hata ya nyumba, mwili. Mwenye sukari aishushe wiki kadhaa kabla, kwa sababu sukari iliyo juu hufanya kidonda kichelewe na usaha uwe karibu. Jino bovu ling'olewe au litibiwe mapema, na hata kidonda kidogo cha mguuni au mkojo unaochoma usifichwe: vijidudu husafiri kwa damu, na wakishika chuma ni kazi kuwatoa. Usijinyoe mwenyewe pale pa kupasuliwa, wembe huacha mikwaruzo. Taja kila dawa unayomeza, ya duka na ya miti. Damu ipimwe ikiwa pungufu iongezwe, na uulize kama hospitali itataka jamaa wajitolee. Ujue pia kwamba si wazee tu wanaofika huku. Kwetu Pwani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imo kwenye koo nyingi, na huweza kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa. Utamkuta kijana wa miaka 30 kitanda cha pili. Huyo daktari wake wa damu na daktari wa mifupa wazungumze kabla.

Pesa, kwa ufupi: tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ya Kenya si NHIF tena, ni SHA. Uliza idhini huchukua siku ngapi, na kama bei ya nyonga yenyewe imo kwenye bili au utailipia kando. Swali hilo la pili wengi hulikumbuka wakiwa wameshalazwa.

Kurudi nyumbani kwahitaji gari. Si tuktuk: kiti ni cha kujibana na magoti hugusana na kiti cha mbele. Bodaboda usiitaje. Gari lenye kiti cha juu, kama Noah, ndilo. Kiti cha mbele kisukumwe nyuma na kulazwa kidogo, juu yake tandika mfuko wa nailoni. Mgonjwa asimame mgongo kwa kiti, akae kwanza, ateleze nyuma, kisha miguu yote miwili iingie pamoja. Anayerudi Likoni au Ukunda afikirie barabara ya Dongo Kundu. Ni mbali zaidi, lakini hakuna kusukumana kwenye feri. Kuendesha gari mwenyewe ni baada ya wiki 6 hivi, daktari akikubali.

Sasa matarajio. Atasimamishwa siku ile ile au kesho yake, na jamaa watashtuka. Msimzuie muuguzi. Mguu utavimba, na michubuko ya bluu yaweza kushuka mpaka chini ya goti. Wengi huhisi mguu ule umekuwa mrefu. Kwa kawaida hisia hiyo hupungua misuli ikishazoea. Nyuzi au pini hutolewa siku ya 10 hadi 14. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kulikuwa na siku mama alilia kwa choo kuliko kwa nyonga: papai, maji mengi, maharagwe, na dawa ya kulainisha kabla mambo hayajakwama. Joto la Kaskazi na soksi za kubana ni adhabu. Ukiwa na hiari ya tarehe, Juni hadi Agosti kuna upepo. Huweza kuja huzuni isiyo na jina; aulizwe, asiachwe. Wiki ya sita wengi wako kwenye mkongojo, mwezi wa tatu wanatembea sokoni, na nguvu kamili yaweza kuchukua mwaka. Kuhusu faragha ya mke na mume, ambayo hakuna anayethubutu kuuliza: wiki 6 hadi 8 kwa kawaida, na daktari anaweza kukueleza mkao ulio salama. Muulize, ameshaulizwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko choo ni kukandwa. Siku ya tano halati alikuja na chupa ya mafuta ya simsim, vidole tayari, kwa mapenzi matupu. "Mguu umevimba huu, damu imelala. Wacha niuamshe." Nikasimama mlangoni kama askari. Baada ya upasuaji wa nyonga damu huweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge likikandwa laweza kung'oka likapanda mapafuni. Ndiyo maana hospitali hutoa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 5, na dozi hiyo haikatizwi eti mtu anajisikia vizuri. Kinachoamsha damu ni kutembea kidogo kidogo kila saa na kupandisha na kushusha vifundo vya miguu kitandani. Mwambieni mkandaji wa ukoo kabla ya upasuaji, kwa heshima na kwa kikombe cha kahawa, ili asije akavunjika moyo mlangoni. Halati tulimpa kazi ya kuhesabu: vifundo mara ishirini kila baada ya swala. Aliisimamia kwa ukali kuliko mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Dalili za kukimbilia hospitali mzijue nyote nyumbani, hata mtoto anayebaki na mgonjwa. Kigimbi kinachouma na kuvimba kupita mwenzake. Kifua kubana au pumzi kukatika ghafla, hapo hakuna kungoja asubuhi. Homa, au mshono unaotoa majimaji na kuzidi wekundu. Na maumivu ya ghafla ya nyonga, mguu ukaonekana mfupi na umegeuka, hawezi kuukanyaga: hiyo imechomoka. Asiuvute mtu yeyote. Mlazeni, iteni gari la wagonjwa.

Wageni watakuja, huo ndio mji wetu, na halua itakuja nao. Wawekeeni saa, jioni baada ya alasiri, na wasikae kitandani kwake, kwa sababu godoro likizama upande mmoja nyonga nayo hugeuka. Mazoezi yasivunjwe kwa ajili ya mgeni. Mama alikuwa akiinuka katikati ya mazungumzo, anakwenda na fremu yake hadi mlangoni na kurudi, wageni wameshika vikombe wanamtazama kama maulidi yanapita. Na atakapoanza kusafiri, chuma huweza kulia kwenye mashine za ukaguzi, iwe uwanja wa ndege wa Moi au kituo cha treni Miritini. Awaambie maafisa kabla hajapita.

Mbuzi ndiyo iliyotushinda. Niliificha darini tangu siku ya ndimu. Wiki ya saba akaiulizia, wiki ya nane akamtuma mtoto wa jirani kuitafuta. Mwishowe nilimwita fundi, akaling'oa lile chuma, akalifunga kwenye ukingo wa meza ya jikoni. Mama hukuna nazi akiwa amesimama, mkongojo umeegemea sinki, na mpaka leo anasema nazi ya kusimama haitoi tui.